Mintarafu ya Kuchagua Gesi ya Kupikia na ya Kuchomea Nyama

Mada kwa semina ya wapishi wa shughuli, wenye mikahawa na wauzaji wa vyakula vya kuchoma



Utangulizi

Naomba ruhusa nieleze jambo ambalo aghalabu hudhaniwa kuwa limekwisha pale mtu anaponunua mtungi na kuufunga kwenye jiko lake, ilhali kwa hakika hapo ndipo linapoanza. Tangu serikali ya Tanzania ilipozindua, mwezi wa Mei mwaka 2024, Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliokusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanatumia nishati hiyo, wapishi wengi waliozoea kuni na mkaa tangu utotoni wamekuwa wakiuliza gesi ipi iliyo bora. Swali hilo, kama lilivyo, halina jawabu, maana ubora wa gesi haumo katika gesi peke yake, bali umo katika kuafikiana kwake na vitu vitatu, navyo ni jiko litakaloichoma, mahali litakapowekwa jiko hilo, na chakula kinachokusudiwa kupikwa. Muradi wa mada hii ni kuyabainisha maafikiano hayo, ili mpishi achague kwa maarifa, wala asichague kwa uvumi wa sokoni.

1. Jinsi za gesi

Gesi tukutanazo nazo jikoni ni za jinsi tatu. Ya kwanza ni ile ya mitungini, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani, gesi mbili zipatikanazo katika kusafisha mafuta ghafi na kuchuja gesi ya ardhini, ambazo zikishindiliwa kwa nguvu ya wastani hugeuka kuwa majimaji hata katika joto la Mombasa au Dar es Salaam. Na kwa kuwa lita moja ya propani ya majimaji hutoa takriban lita 270 za mvuke, chombo kidogo huweza kubeba moto mwingi.

Ya pili ni gesi asilia, ambayo karibu yote ni methani, kama ile iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Wako wadhanio kwamba mtungi wa dukani umejazwa kutoka visima hivyo, na dhana hiyo si sahihi, kwa sababu methani haigeuki majimaji kwa kushindiliwa tu katika joto la kawaida, ila ipozwe mno, na pasipo kushindiliwa hubidi ifike nyuzi 162 chini ya sifuri. Kwa hiyo humfikia mpishi kwa bomba, kama ilivyo katika baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara, ilhali gesi ya mitungi huletwa kwa meli kutoka ng'ambo.

Ya tatu ni gesi ya samadi, itokanayo na kinyesi cha ng'ombe na mabaki ya vyakula yaliyovundikwa katika shimo lisiloingiza hewa. Hiyo nayo ni methani, lakini imechanganyika sana na hewa ya ukaa isiyowaka, hata moto wake ukawa mpole: hutosha kwa chai, uji na maharage ya nyumba yenye mifugo, bali mchoma nyama mwenye wateja wengi itamchelewesha.

2. Joto la gesi na tundu la jiko

Huvuma sokoni kwamba gesi ya kampuni fulani ni "kali" kuliko ya nyingine. Kwa mizani ya elimu, kilo moja ya propani na kilo moja ya butani hutoa joto linalokaribiana kabisa, kiasi cha megajuli 46, yaani kasoro kidogo uniti 13 za umeme. Maadamu sisi hununua kwa kilo, mwenye propani nyingi na mwenye butani nyingi wamepata joto sawasawa kwa fedha zao, na hitilafu anayoiona mpishi baina ya mitungi miwili sababu yake aghalabu ni uzito pungufu, regulata iliyochoka au kichomeo kilichoziba masizi. Dawa ya shaka ya kwanza ni mizani: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu ya mtungi wenyewe, basi na uwekwe juu ya mizani kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Hitilafu kubwa iko katika ujazo. Methani, kwa ujazo ule ule, ina joto lisilofika nusu ya lile la propani, na butani inaizidi propani. Fauka ya hayo, ujazo mmoja wa methani huhitaji karibu ujazo 10 wa hewa ili uungue wote, propani huhitaji 24, na butani 31. Ndiyo maana tundu linalopitisha gesi katika kichomeo hutobolewa kwa kipimo cha gesi maalumu: jiko la gesi asilia lina tundu kubwa, na jiko la mtungi lina tundu dogo. Mtu akichukua jiko lililotengenezwa kwa gesi ya bomba, pengine alilolinunua kuukuu kutoka Ulaya, akaliunga na mtungi bila kubadili matundu, atapata ndimi ndefu za manjano zinazopaka sufuria masizi na kutoa sumu ya moshi usioonekana. Na akifanya kinyume chake, atapata moto usiochemsha hata birika. Moto ulio sawa ni wa buluu, umetulia, haungurumi wala haurukiruki. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza gesi ipi, mpishi aanze kwa kusoma kibao kilichopigwa nyuma ya jiko lake, kwani hapo pameandikwa jiko hilo liliumbiwa gesi gani na msukumo kiasi gani.

3. Hali ya hewa na ukubwa wa mtungi

Ndani ya mtungi, mvuke tunaouchoma hutokana na majimaji yanayochemka, na kuchemka huko kunategemea joto la mahali. Propani huchemka hata katika nyuzi 42 chini ya sifuri. Butani hukoma kuchemka mara tu baridi ifikapo karibu na sifuri yenyewe. Katika nyuzi 20 za joto, propani husukuma kwa nguvu ipatayo mara 8 ya msukumo wa hewa ituzungukayo, na butani husukuma mara 2 na ushei. Mtu wa pwani, ambaye usiku wake ni wa joto kama mchana wa wengine, hana haja ya kusumbuka, kwani zote mbili zitamtii. Lakini mpishi wa Njombe, Makete au Limuru, aamkaye alfajiri ya mwezi wa Julai ili akaange maandazi, akiwa na mtungi wenye butani nyingi ataona moto umedhoofika, na akiutikisa mtungi atasikia majimaji yangalimo.

Hali hiyo huzidi mtungi unapokaribia kwisha, kwa sababu katika mchanganyiko propani hutangulia kutoka kwa wingi na butani hubakia nyuma; kwa hiyo mtungi ulioanza na nguvu humalizia na unyonge. Kuuweka mtungi juani, au kuumwagia maji ya moto, au, Mungu apishe mbali, kuusogeza karibu na moto ili "uamke", ni jambo la hatari lisilostahili kufanywa asilan.

Pengine mtu atauliza, mbona basi isiuzwe propani tupu kila mahali? Jawabu ni kwamba msukumo wake mkubwa unahitaji mtungi mnene zaidi na regulata iliyowekewa kiasi chake, na mtungi uliotengenezwa kwa butani haufai kabisa kutiwa propani. Katika nchi za joto mchanganyiko ni njia ya kati iliyo salama, na huko kwenye baridi wauzaji wana wajibu wa kuzidisha propani katika mitungi inayoistahimili.

Hapa ndipo linapoingia suala la ukubwa. Kila kuchemka hunyang'anya joto, na mtungi unaotolewa gesi kwa pupa hupoa, hata ukatoka jasho la umande nje yake. Jiko la kuchomea lenye nguvu ya kilowati 10 likiwashwa lote hula zaidi kidogo ya robo tatu ya kilo kwa saa moja. Mtungi wa kilo 6 hautimizi saa 8 kwa kazi hiyo, nao hupoa na kulegea kabla ya hapo. Wa kilo 15 hufanya saa 19 hivi, na wa kilo 38 hupita saa 48. Mtungi mkubwa una ukuta mpana wa kupokea joto la hewa, kwa hiyo hutoa mvuke mwingi bila kuchoka. Kwa muuza mishkaki, na kwa mpishi wa shughuli anayepika biriani ya harusi, mtungi mdogo ni uchumi wa uongo.

4. Kuchoma kwa gesi bila kupoteza ladha

Wachoma nyama wengi hukataa gesi kwa hoja moja, kwamba nyama ya gesi haina harufu ya mkaa. Hoja hiyo inastahili kupimwa kwa insafu. Mkaa uliokwisha iva huwa umeshapoteza sehemu kubwa ya moshi wa mti wake, na harufu ile tuipendayo hutokana zaidi na mafuta na majimaji ya chakula yanayodondoka juu ya makaa na kupanda tena yakiwa moshi. Samaki wa kupaka anaponukia, kinachonukia ni tui na viungo vilivyodondokea motoni; na mishkaki inaponukia, ni mafuta ya nyama. Basi jiko la gesi lililotandikwa juu ya vichomeo vyake mabamba ya chuma yaliyoinama, au mawe ya volkano, litafanya kazi ile ile, ilimradi vitu hivyo vipate moto wa kutosha kabla nyama haijapanda.

Lakini mkaa una fadhila moja ya kweli: joto lake ni kavu na humulika chakula moja kwa moja. Gesi ikiungua huzaa mvuke wa maji, na kilo moja ya propani huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke huo, na methani huzaa zaidi. Kwa hiyo mchomaji wa gesi hana budi kuikausha nyama au pweza wake vizuri kabla ya kuweka motoni, kuwasha jiko dakika 10 hadi 15 kabla ya kazi, na kuacha njia ya mvuke kutoka. Tena asiruhusu ndimi za moto zilambe nyama kila mafuta yadondokapo, kwani masizi yanayoganda juu ya chakula ni machungu mdomoni na yana madhara kwa siha. Akiyashika hayo, mteja hatakuwa na la kulalamikia.

5. Hadhari

Mvuke wa propani ni mzito kuliko hewa mara moja na nusu, na wa butani karibu mara mbili; ukivuja hutambaa sakafuni, ukajaa mitaroni na chini ya meza. Methani ina kadiri ya nusu tu ya uzito wa hewa, nayo hupanda darini. Kwa hiyo chumba chenye jiko la mtungi kifanyiwe matundu ya hewa upande wa chini wa ukuta, na chenye jiko la bomba kifanyiwe juu. Gesi ya mtungi ikifika sehemu 2 tu katika 100 za hewa, cheche moja yatosha kuiwasha.

Harufu mbaya tuisikiayo si ya gesi yenyewe, bali hutiwa kwa makusudi. Mwaka 1937, katika mji wa New London jimboni Texas, gesi asilia isiyo na harufu ilivuja chini ya shule na kulipuka, wakafa takriban watu 300, wengi wao watoto. Na baada ya msiba huo sheria za kutia harufu zikaenea. Basi harufu hiyo na isidharauliwe: funga mtungi, fungua milango, usiwashe wala usizime taa, na mvujo utafutwe kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti. Mtungi usimame wima daima, maana ukilazwa hutoa majimaji badala ya mvuke.

Hitimisho na mapendekezo

Kwa muhtasari, gesi ya mtungi yenye mchanganyiko yawafaa wapishi wengi wa pwani; yenye propani nyingi yawafaa wa nyanda za baridi na wachomaji wa moto mkubwa; gesi ya bomba yamfaa aliye karibu nayo na mwenye jiko lililotobolewa kwa ajili yake; na gesi ya samadi yamfaa mfugaji kwa mapishi ya taratibu.

Napendekeza semina hii iazimie mambo matatu: wauzaji waandike juu ya kila mtungi kiasi cha propani na butani kilichomo; kila duka la gesi liwe na mizani mbele ya mteja; na vyuo vya mapishi vifundishe kusoma kibao cha jiko kabla ya kufundisha kuliwasha. Nanyi wapishi, msinunue ukali wa gesi kwa maneno ya muuzaji. Lijueni jiko lenu kwanza, ndipo mchague gesi.