Debe la Mtoto Litoke Gunia Gani?

  

Mara nyingi mazungumzo yetu huanzia kliniki. Leo tuanzie jikoni, kando ya mafiga. Sufuria ya ugali ikichemka, ukiitazama vizuri itakueleza habari za nyumba yako, za soko na hata za serikali.

Niwasimulie jambo langu mwenyewe. Mwaka mmoja mvua ilitukuta tukiwa bado tunavuna. Mahindi yalikaa shambani yakiwa yamelowa, na tulipoyapukuchua hayakupata jua la kutosha. Mfanyabiashara akaja na lori. Akachoma kila gunia kwa kile chuma chao, akamwaga punje kiganjani, akazitazama, akazinusa, akatafuna moja moja. Magunia mazuri akapakia. Matatu akayakataa, akasema yameoza.

Yale matatu tukayarudisha jikoni. Jioni hiyo nilimkorogea mjukuu wangu uji wa mahindi hayo hayo. Na mchana wake, jamani, nilikuwa nimetoka kuwafundisha akina mama wenzangu habari za lishe ya watoto! Nilipokuwa nikipooza ule uji ndipo nikajiuliza: mtu wa lori, asiyemjua mtoto huyu, amekataa mahindi haya. Mimi nyanya yake nayakubali kwa nini?

Nikaumwaga. Tangu siku hiyo sijanyamaza, na leo nawaletea ninyi swali hilo.

Sisi wa Trans Nzoia tunaitwa ghala la nchi. Kuanzia Kinyoro hadi Machewa, kuanzia Matisi hadi ng'ambo kule Bungoma, mahindi ndiyo karo, ndiyo mbolea, ndiyo chakula. Lakini angalia desturi yetu: mazuri huuzwa, na yaliyooza hubaki nyumbani. Mengine hupelekewa kuku na ng'ombe, mengine hupikiwa busaa, na mengine husagwa unga wa watoto.

Ubaya wake ni nini? Mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu, na aina fulani za ukungu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Wengine huiita sumukuvu. Njugu karanga nazo huipata. Sumu hii haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauiondoi. Ukipika ugali, ukichemsha uji, ukikaanga njugu, sehemu kubwa ya sumu hubaki pale pale. Ng'ombe akila mahindi mabovu, sumu hupita ikaingia kwenye maziwa unayompa mtoto.

Msidhani ni hadithi. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kutokana na sumu hii na 125 wakafariki. Waliochunguza waligundua kwamba wengi walikuwa wamekula mahindi yao wenyewe ya nyumbani. Kuweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba kulikuwa mojawapo ya mambo yaliyoongeza hatari.

Ukiona mtu amekula mahindi mabovu, kisha anatapika, tumbo linamvimba na macho yanakuwa ya manjano, mpeleke hospitali mara moja.

Kuna pia madhara ya polepole. Mtu anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi yuko katika hatari ya saratani ya ini, hasa akiwa na homa ya ini aina ya B. Ndiyo sababu chanjo ya mtoto ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ni muhimu sana, kwa maana ndani yake mna kinga ya homa hiyo. Watafiti pia wamehusisha sumu hii na watoto kudumaa.

Sasa tuone mambo ya nchi. Mnamo Machi 2021 serikali ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hii. Baada ya siku chache iliyaruhusu kwa masharti: kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mpaka wa Suam hauko mbali nasi. Basi mahindi ya mpakani yana cheti, na mahindi ya lori yana mtu wa kuyachoma na kuyanusa. Mahindi ya sufuria ya mtoto wako yana nani? Yana wewe na ungo wako.

Kwa hivyo, tufanye nini?

Kwanza, tenga debe la mtoto. Kabla lori halijafika, chota mahindi ya watoto kutoka gunia zuri kabisa, uyaweke kando. Hili ni jambo la kuzungumza na baba ya watoto mapema, si wakati mizani imeshatundikwa. Najua utaniuliza: na karo je? Ni kweli, shilingi ni ngumu. Lakini debe si gunia, na mtoto akiugua utauza gunia zima.

Pili, kausha vizuri. Anika juu ya turubai, usianike kwenye udongo. Mvua ikitishia, kusanya na ufunike. Kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa kwa dakika moja, kisha uache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, bado yana maji, rudisha juani. Hata isiponata, yape siku nyingine ya jua kabla ya kuyaweka ghalani.

Tatu, hifadhi mahali pakavu penye hewa. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Usiyaweke chini sakafuni penye unyevu.

Nne, chagua. Kabla ya kwenda kwenye kisiagi, mwaga mahindi kwenye ungo uondoe punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Hizo usimpe kuku wala ng'ombe, wala usimuuzie mama wa busaa. Zifukie. Kuchagua hupunguza sumu sana, lakini hakuimalizi, kwa sababu punje inaweza kupendeza machoni na bado ikawa nayo. Ndiyo maana kukausha huja kwanza.

Tano, usimpe mtoto mahindi asubuhi, mchana na jioni. Mtoto aliyetimiza miezi 6 aanze kupata vyakula mbalimbali huku akiendelea kunyonya: uji wa wimbi, viazi vitamu, ndizi, maharagwe, omena, na mboga zetu za sucha, saga, kunde na mrenda. Tangu mwaka 2012 sheria ilitaka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe vitamini na madini. Unga wetu wa kisiagi hauongezwi kitu, basi mboga na maharagwe ndiyo yaujazie.

Lakini wenzangu, ungo wa mama peke yake hautoshi. Watoto wetu wengi hula mchana shuleni, na mahindi yale ni sisi wazazi tunaoyapeleka. Kuna anayechota kwenye gunia lililokataliwa akisema, "Haya ni ya shule tu." Ya shule tu! Sufuria ile ni moja, na wako anakula humo pamoja na wa jirani. Katika mkutano wa wazazi uliza: nani hukagua mahindi yakifika? Yamewekwa wapi? Yanachaguliwa kabla ya kupikwa?

Na kwenye baraza la chifu, tusikae nyuma tukinong'ona. Kilimo kiko chini ya serikali ya kaunti tangu 2013. Mwulize afisa wa kilimo: mashine ya kukaushia iliyo karibu nasi iko wapi, na malipo yake ni kiasi gani? Kipimo cha unyevu kitafika lini kijijini kwetu, kabla ya mavuno au baada ya mahindi kuoza? Kuuliza hivyo si siasa. Ni kupika, ila umeanza mapema kidogo.

Kwa leo nitakomea hapo. Kumbuka: tenga la mtoto, kausha, hifadhi, chagua, changanya vyakula. Na kabla hatujakutana tena, nakupa kazi ndogo. Fungua gunia unalolila sasa, chota kiganja kimoja, tazama na unuse kama mtu wa lori. Kama yeye angelikataa, wewe pia likatae.