Nguvu ya Injini Ndogo: Mazungumzo na Mafundi Vijana wa Sotik

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mafundi vijana na wenye magari waliokusanyika Sotik. Tumeyapunguza kidogo ili yatoshee ukurasa.)

 

Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo kila gereji kutoka Kaplong hadi Chebilat huulizwa, hasa bonasi ya chai ikishatoka. Mwenye Probox anafika, anasema: "Fundi, gari limechoka mlimani. Fungua injini uiongezee nguvu." Pesa ziko mkononi. Fundi kijana anaona kazi, anashika spana. Hapo ndipo tunataka kumzuia kidogo kabla hajafungua hata nati moja.

Tuanze na ukweli. Kuongeza nguvu ya injini ndogo kunawezekana, na ushahidi ulipita hapa hapa Kenya. Katika Safari Rally ya mwaka wa 1993, kampuni ya Subaru ilileta kigari kiitwacho Vivio. Injini yake ilikuwa ya cc 658, yaani haifiki hata nusu ya injini ya Probox ya cc 1,500. Lakini kile kigari kama kilivyouzwa dukani kilikuwa na nguvu za farasi 64. Walifanyaje? Waliweka supacharja, ambayo ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda kutoka kwa injini yenyewe. Petroli peke yake haiwaki, huhitaji hewa. Ukiishindilia silinda hewa nyingi zaidi, unaweza kuichomea petroli nyingi zaidi, na nguvu inapanda. Turbo nayo inafanya kazi hiyo hiyo, ila yenyewe inazungushwa na moshi unaotoka.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Mmoja wa madereva wa Vivio alikuwa Colin McRae kutoka Scotland. Alikikimbiza kigari kile pamoja na magari makubwa mpaka watu wakashika vichwa. Lakini hakumaliza. Sapenshoni ilishindwa na njia. Dereva mwingine alikuwa Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu. Yeye alifika mwisho, nafasi ya 12 kwa jumla, na wa kwanza katika daraja la injini ndogo. Mwaka huo Toyota Celica zilichukua nafasi zote nne za kwanza, Juha Kankkunen akiwa mshindi, basi nafasi ya 12 kwa injini ya cc 658 si jambo dogo. Magari ya aina moja, injini za aina moja. Moja lilivunjika miguu, lingine likafika.

Na kama mnafikiri mambo haya ni ya watu wa mbali, Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka wa 1932. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva mashuhuri. Mwaka wa 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, si gari jipya la kiwandani. Alishinda tena mwaka wa 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer ya cc 1,600. Mtoto wa huku kwetu kwenye chai, ndiyo.

Turudi kwa Probox yetu. Kwa nini inachoka mlimani? Sababu moja hakuna fundi anayeweza kuilaumu: ni mahali tunapoishi. Hewa ya juu ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka baharini. Mji wa Kericho uko juu ya mita 2,000, nasi Sotik tuko chini yake kidogo tu. Kwa hivyo gari lililotoka bandarini Mombasa na farasi mia moja na kitu, likifika huku karibu farasi ishirini zimebaki njiani. Hazikuibwa na mtu. Kompyuta ya injini inaweza kupunguza petroli ilingane na hewa iliyopo, lakini haiwezi kuumba hewa. Wenye Corolla za zamani za kabureta wanajua: gari huku linatoa moshi mweusi na kunywa petroli, mpaka ubadilishe jeti.

Kuna wale husema, "Chonga silinda, weka pistoni kubwa." Hebu tupige hesabu pamoja. Silinda ya injini ya 1NZ iliyo ndani ya Probox nyingi ina upana wa milimita 75. Ukiichonga nusu milimita, injini nzima, silinda zote nne, inaongezeka cc 20 tu. Ni vijiko vinne vya chai! Asilimia moja na kidogo. Kwa vijiko vinne umelipa mtu wa mashine, umenunua pistoni, na umezila kuta za silinda ambazo tangu mwanzo ni chuma chembamba ndani ya bloki ya alumini. Kuchonga ni dawa ya silinda iliyokwaruzika au kuliwa. Si njia ya kutafuta nguvu.

Kupiga hedi msasa zaidi ili kupandisha kompresheni nako tunakuogopa. Injini hiyo imetoka kiwandani ikibana 10.5 kwa 1. Ukibana zaidi kwa petroli ya kituoni, inaanza kugonga, ile sauti kama kokoto ndani ya mkebe. Mteja ataisikia siku mbili tatu na kuizoea. Pistoni haiizoei.

Sasa ukweli ambao mara nyingi hauleti pesa nyingi kwa fundi: injini nyingi zinazoletwa "ziongezewe" hazina hata nguvu zao za kuzaliwa. Kabla ya kufungua, pima kompresheni ya silinda zote nne injini ikiwa moto, plagi zote nje, petroli imekatwa, akselereta imekanyagwa mpaka chini. Usiangalie tu namba ya juu. Angalia kama zinalingana. Moja ikiwa chini ya nyingine kwa baa moja au zaidi, tia kijiko kidogo cha oili katika silinda hiyo upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi. Kipimo hicho huchukua nusu saa na kimewaokolea watu wengi injini ya kununua Kirinyaga Road.

Halafu angalia vitu vya bei ndogo. Filta ya hewa, maana vumbi la barabara za majani chai mnalijua. Plagi. Breki zilizokwama, kwa sababu gari linaloshikwa na breki zake lenyewe litachokaje lisichoke? Ekzosti iliyoziba. Na, samahani wenye magari, hesabu abiria. Probox ni gari la watu watano. Ukipakia tisa na magunia nyuma, hata ile Celica ya Kankkunen ingelalamika pale mlimani.

Ikibidi kufungua, basi ufunguliwe kwa vipimo. Hapa tunapenda kukaza sana. Silinda ipimwe juu, katikati na chini, kwa pande mbili, kwa sababu huliwa kwa umbo la yai. Kila ringi iingizwe silindani peke yake upime mwanya wake kwa fila geji, kwa maana mwanya ukiwa mdogo mno ringi ikipata moto hushikana na kukwaruza. Bolti za hedi za injini hizi hufungwa kwa toki kwanza, halafu kwa digrii. Nguvu ya mkono na kukisia si kipimo. Valvu zikae vizuri kwenye viti vyake, na njia za hewa zisafishwe mikwaruzo bila kupanuliwa ovyo. Fundi akifanya hayo tu, mwenye gari hurudi akiuliza umeweka turbo gani. Kilomita 1,000 za kwanza aendeshe polepole bila mzigo mkubwa, kisha oili ibadilishwe. Na redieta itiwe kulanti, si maji ya mto. Maji ya mto hula alumini.

Je, kuna wakati tunakubali kuongeza? Ndiyo. Kijana anayetaka kushindana katika rali, mwenye gari lake, mkanda na kofia ya chuma, tutakaa naye. Lakini orodha yetu huanzia chini: tairi, breki, sapenshoni, kupooza injini, ndipo nguvu. McRae hakukosa injini. Gari likitoka mwendo wa 60 hadi 80, kazi ya breki kulisimamisha hupanda kwa karibu asilimia 78. Ule mteremko haujui kwamba umeongeza farasi. Abiria wa nyuma naye hajui. Yeye amelipa nauli afike sokoni.

Kwa gari la abiria, basi, jibu letu ni hapana, hata akiongeza pesa. Tunajua kijana wa gereji ya jirani atasema ndiyo. Tunajua pia kodi ya banda inadaiwa na karo inadaiwa. Hata hivyo gari likianguka, jina linalotajwa matangani si la mtengenezaji wa Japani, ni la fundi aliyefungua mara ya mwisho. Na mwenye gari ajue kwamba akibadilisha injini yenyewe, namba mpya lazima iandikishwe NTSA, na kampuni ya bima iambiwe. Mabadiliko yaliyofichwa huipa bima sababu ya kukataa kulipa.

Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, tutafungua hedi ya Probox moja ambayo silinda ya tatu imeshuka. Geji ya kompresheni tunayo, spana ya toki tunayo moja, kwa hiyo mtaishika kwa zamu. Mje na kalamu na daftari, kwa sababu kila kipimo kitaandikwa.