Kuchomelea Mkokoteni kwa Mashine ya Waya



Kila mavuno yakikaribia, mikokoteni mingi ya ng'ombe hupelekwa kwa mafundi ikachomelewe. Leo tuzungumze juu ya mashine ya waya, ile ambayo mafundi huiita MIG. Mashine hii haitumii rodi. Husukuma waya mwembamba mpaka kwenye mdomo wa bunduki, na gesi hutoka pamoja nao ili hewa isiharibu chuma kilichoyeyuka.

Ni mashine rahisi kutumia, lakini ina hila moja. Yaweza kulaza mshono mzuri juu ya chuma bila kukiuma chuma chenyewe. Mshono wa namna hiyo huachia njiani, magunia yako yamo ndani na ng'ombe wako mbele. Basi tuone yanayofanya mshono uume.

Kwanza ni usafi. Kutu, rangi na mafuta viondolewe mpaka chuma king'ae, na pale panapobanwa waya wa athi vilevile. Chuma cha unene wa milimita 5 au 6 kichongwe kingo kabla ya kuunganishwa ncha kwa ncha.

Pili ni volti na mwendo wa waya. Hivi viwili ni kama maji na unga katika kusonga ugali: ukizidisha kimoja, umeharibu. Mwendo wa waya ndio unaoleta ampea; mafundi hukadiria ampea 40 kwa kila milimita moja ya unene. Kwa bamba la milimita 3 na waya wa milimita 0.8, wengi huanzia volti 18 au 19, kisha hurekebisha. Waya ukienda mbio na volti ni ndogo, bunduki husukumwa nyuma na mshono huvimba kama kamba iliyolazwa juu ya chuma. Volti ikizidi, mshono hutandaa, kingo huliwa, na chuma chembamba hutoboka. Vikipatana, utasikia mlio wa kukaanga usiokatika.

Tatu ni gesi. Lita 10 hadi 15 kwa dakika zatosha, lakini upepo huipeperusha, na mshono hujaa vitundu kama mkate. Kwa hiyo kazi ifanyike penye kinga ya upepo.

Nne ni mkono wa fundi. Waya utokeze kiasi cha milimita 10. Ukirefuka sana, moto hupungua. Bunduki iinamishwe kidogo tu, na mkono uende kwa mwendo mmoja.

Sasa, wewe mwenye mkokoteni utajuaje? Mwombe fundi achomelee kwanza vipande viwili vya unene uleule, kimoja kisimame juu ya kingine, upande mmoja tu. Vikipoa, kigonge kilichosimama kwa nyundo kilalie upande wenye mshono. Mshono ukibanduka mzima na kuacha chuma laini chini yake, haukuuma. Arekebishe mashine kabla hajagusa mkokoteni wako.

Tena, usiutazame ule mwanga bila kioo cha kuchomelea, na watoto wakae mbali. Bati na vyuma vilivyopakwa zinki vikichomwa hutoa moshi wenye sumu; zinki ikwanguliwe kwanza, na kazi ifanyike penye hewa.

Kipande cha majaribio ni chuma chakavu tu, ndugu zangu, lakini chaweza kuokoa mavuno ya mwaka mzima.