Utii na Upendo katika Nyumba ya Mkristo



Wahubiri wengi huanzia Waefeso 5:22, juu ya wake kuwatii waume. Mstari wa 21, unaowaagiza wote kunyenyekeana, huachwa nyuma. Hapa Kisaki kasoro hiyo huonekana shambani. Kwa desturi ya Waluguru na Wakutu, ardhi hufuata ukoo wa mama. Mume alimaye shamba la ukoo wa mkewe, huko yeye ndiye mtii. Wala si aibu. Lakini shamba la ukoo wake mwenyewe, akifa, hurudi kwa wapwa zake, na watoto waliomheshimu kwa Amri ya Nne hubaki mikono mitupu. Baba mwenye upendo huketi na wapwa angali hai, mkewe akiwapo, wakapatana mahali watakapolima watoto.