Neno "charge" kwenye karatasi ya mkopo

Leo hapa Mtopanga tuzungumze juu ya neno moja la Kiingereza, charge. Tunalo kila siku. Simu imeisha chaji. Mtu amechajiwa kortini, yaani ameshtakiwa. Na fundi je, anachaji ngapi? Hiyo ni bei. Wafini wanayatenga: ada kwao ni maksu, shtaka ni syyte, chaji ya simu ni lataus.

Sasa kwenye karatasi za benki, charge ni rehani. Nyumba imefungwa kwa deni. Wako wanaotia sahihi wakidhani ni ada tu, ya kulipa mara moja ikaisha.

Kina mama, na kina baba pia, sikizeni hapa. Kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, nyumba mnayoishi haiwekwi rehani bila mke au mume kutia sahihi au kukubali kwa maandishi. Mkopaji akikosa kulipa mwezi mzima, benki itampa notisi isiyopungua miezi 3 alipe, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Barua hizo tusizifiche chini ya godoro. Na kabla ya kushika kalamu tuulize: hii charge ni ada, au ni nyumba yetu?