Fundi wa Ufaransa na Makadirio Yake



Nimeombwa niwajibu wenzetu wanaoishi Ufaransa kama mimi: fundi akija kupima kazi ya nyumba, alipwe kwa kuandika makadirio?

Kwa kawaida hapana. Karatasi hiyo, devis kwa lugha yao, hutolewa bure, maana fundi anatafuta kazi. Hata hivyo sheria haimkatazi kutoza, mradi akuarifu kwanza. Agizo la Januari 24, 2017 kuhusu matengenezo ya nyumba linamtaka aeleze wazi kama makadirio ni ya bure au ya kulipia. Asiposema mapema, mkatalieni.

Mimi sioni ubaya atoze pale anapolazimika kufungua bomba lililozikwa ukutani au kuchora ramani. Hiyo ni kazi. Wengi huitoa fedha hiyo katika bei ukiwapa shughuli. Ulizeni, na liandikwe.

Linalonitia hofu ni jingine. Sisi, kwa adabu tuliyofunzwa, huona haya kumpotezea mtu muda wake bure, tukatia sahihi karatasi ya kwanza. Mwenzetu mmoja alitia sahihi makadirio ya paa akidhani ni stakabadhi tu ya kwamba fundi alifika. Kumbe sahihi ile ni mkataba! Akalipa. Isitoshe, hakutazama kodi: nyumba iliyopita miaka miwili hutozwa asilimia 10 kwa matengenezo mengi, si 20.

Basi itisheni makadirio matatu, bila haya. Maswali nitayapokea wakati wa chai.