Fedha kwa Fedha: Faida ya Sonara na Mpaka wa Riba

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila aliyeshika njia yao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, mada tuliyopewa ni biashara ya fedha. Hatukusudii noti zilizomo mifukoni mwetu, bali madini yenyewe. Hata hivyo, si bure kwamba Kiswahili chetu kimeviita vitu hivi viwili kwa jina moja. Wazee wetu wa pwani walinunua na kuuza kwa reale ya Maria Theresa, sarafu yenye uzito wa gramu 28 hivi, ambazo takriban 23 kati yake ni fedha safi. Fedha ndiyo iliyokuwa pesa, na Sharia imeiwekea masharti ambayo haikuyaweka katika biashara ya nguo wala mbao.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulichukua vikuku vya fedha alivyotuachia marehemu mama yetu, tukavipeleka kwa sonara ili tumpatie vipya dada yetu aliyekuwa karibu kuolewa. Sonara akavipima, akatupa vipya vilivyo vyepesi zaidi, nasi tukaongeza pesa juu. Tulitoka dukani tukimshukuru. Haukupita muda mrefu, tukiwa darasani tunasomesha mlango wa riba katika Bulughul Maram, mwanafunzi mmoja akauliza: "Ustadh, na mtu akibadilisha kikuku kikuukuu kwa kipya na kuongeza pesa?" Tulinyamaza. Hadithi ile tulikuwa tumeihifadhi kwa Kiarabu miaka mingi, wala haikutujia akilini tuliposimama mbele ya mizani.

Hadithi yenyewe ameipokea Ubada bin Swamit (R.A.), nayo imo katika Sahihi Muslim. Maana yake ni kwamba dhahabu kwa dhahabu na fedha kwa fedha hubadilishwa kwa uzito ulio sawa, mkono kwa mkono. Zikitofautiana jinsi, watu wauziane watakavyo, maadamu ni mkono kwa mkono. Naye Fadhala bin Ubayd (R.A.) alinunua siku ya Khaybar kidani cha dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipokichambua akakuta dhahabu yake inazidi dinari 12. Mtume (S.A.W.) akakataza kisiuzwe mpaka kichambuliwe.

Sasa tutazame sonara anapata wapi faida yake. Kwanza, hununua kwa bei ya chini na kuuza kwa bei ya juu, na tofauti hiyo ni halali kama ya mfanyabiashara yeyote. Pili, hutoza ujira wa kazi ya mkono wake. Lakini anaponunua chombo kikuukuu hulipia madini tu; ule ujira mlioulipa zamani haurudi. Tatu, huyeyusha vyombo vikuukuu na kuvisafisha, na fedha inayopatikana humo huwa mali ghafi yake.

Hapa pia ndipo dhulma hupenya. Kikuku cha gramu 100 chenye muhuri wa 925 kina gramu 92.5 tu za fedha safi. Zilizobaki aghalabu ni shaba. Akiuza, shaba na kito huhesabiwa kama fedha, akinunua, huvitoa. Tena wakia ya madini haya ni gramu 31.1, ilhali wakia ya kawaida ni gramu 28.35. Anayelipwa kwa wakia ndogo hali amepimiwa kwa wakia kubwa hupoteza karibu sehemu moja katika kumi na moja ya mali yake. Na aisome Suratul Mutaffifin mwenye kushika mizani.

Ama ziada kwa ajili ya ufundi, Ibnul Qayyim aliiruhusu katika mapambo ya halali, lakini jamhuri ya wanachuoni wameikataa, na kauli yao ndiyo salama zaidi kwa dini ya mtu. Wala kukopesha fedha dukani hakufai. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilipitisha kwamba pesa za noti zina hukumu ya dhahabu na fedha katika riba. Kwa hiyo malipo yote yatolewe hapo hapo.

Njia ya kutokea ni nyepesi. Mtu alipomletea Mtume (S.A.W.) tende nzuri za Khaybar alizozipata kwa kutoa pishi mbili kwa moja, alimwelekeza auze tende duni kwa dirham, kisha kwa dirham hizo anunue nzuri. Basi uza kikuku chako, pokea pesa mkononi, kisha nunua hapo au duka jingine bila ya sharti. Ama mpe sonara fedha yako mwenyewe aifue upya, nawe umlipe ujira wake. Na kabla ya yote, uliza mambo matatu: uzito bila kito, usafi wa fedha, na ujira ni kiasi gani.

Baada ya swali la yule kijana tulitubu, kisha tukarudi kwa sonara tukamweleza. Alitusikiliza, akasema: "Shekhe, nimekaa kwenye kazi hii tangu ujana wangu, na hakuna aliyewahi kuniambia." Ndugu zetu, lawama hiyo si ya sonara. Ni yetu sisi tuliosoma milango ya biashara tukaiacha ndani ya vitabu, huku mama zetu wakienda sokoni peke yao.

Tunamuomba Allah (S.W.) atutosheleze kwa halali Yake, atuepushe na haramu Yake, na atujaalie tuifanyie kazi elimu tunayoisomesha. Aamin.

Wabillahi tawfiq.